Rambirambi za Sikudhani

Jumanne nilivaa kanzu, nikaazima kofia ya shemeji,
nikakunja noti ya elfu kumi mara nne,
nikavuka ua hapa hapa Buguruni Malapa
kwenda kumpa pole mume wa Sikudhani.
Maneno nilikuwa nayo mdomoni: kazi ya Mungu, jikaze.
Mlango akaufungua Sikudhani mwenyewe,
mwiko mkononi, unga wa chapati shavuni.
"Karibu fundi. Mbona umependeza? Nani amekufa?"

Ningesema nini?
Nililiona jeneza likipita juu ya vichwa.
Nilishika koleo, udongo ukaniingia kwenye kucha.
Asubuhi nikazitazama: nyeusi kweli.
Ila mimi fundi friji, kucha zangu nyeusi siku zote,
haziwezi kuwa shahidi.

Ndivyo zinavyonijia.
Hazina ukungu, hazina farasi wa mabawa.
Zina bei ya nyanya. Zina harufu ya kompresa iliyoungua.
Humo nadaiwa, nalipa, narudishiwa chenji,
na kesho yake namnunia Mangi wa dukani
kwa mia tano aliyonipunja usingizini.

Halafu ile ya maji.
Msimbazi unapanda ngazi za nyumba isiyo na ngazi,
nimembeba mwanangu Adinani begani,
maji kifuani, maji kidevuni,
nageuza shingo nimwambie anishike masikio,
begani pana friji.
Ndogo, nyeupe, ya mteja.
Inalia kama mtoto.

Mama mkwe kaniagiza niteme mate kushoto mara tatu,
nigeuze ubavu, nisimsimulie mtu.
Daktari wa Amana kaniuliza nalala saa ngapi,
nakula nini, na mwaka ule wa mafuriko nilikuwa wapi.
Hilo la mwisho nilijibu, "Nilikuwepo,"
nikaomba maji ya kunywa.

Nawatii wote wawili, kila mmoja nusu nusu.
Lakini aliyenishika mkono ni mita ya Luku.
Ndotoni tarakimu hazitulii:
unaona saba, unapepesa jicho, imekuwa chura.
Basi nikishtuka saa tisa usiku
nafuata ukuta kwa kiganja,
unyayo unaonja sakafu, kavu,
nasoma uniti kwa sauti,
nageuka, nasoma tena.
Zikilingana, nimeamka.
Mke wangu Tatu siku hizi hata haketi kitandani,
anauliza gizani tu, "Ngapi?"
"Kumi na mbili nukta nne."
"Haya, rudi ulale."

Hadi usiku ule umeme ulipokatika.
Mita jicho limefumba.
Unyayo ukashuka, ukakuta maji.
Sijui niliruka vipi. Najua nilimnyakua Adinani,
nikampandisha mezani, nikampandia juu yake,
nikaita majina ya watu ambao hapa nyumbani hatuwataji.
Tatu akawasha tochi ya simu.
Friji ya mteja niliyoileta kuitengeneza
ilikuwa inayeyuka taratibu, barafu yote sakafuni,
haina habari na mtu.
"Baba," akasema mtoto, "unanibana."
Nikamwachia kidogo. Si sana.
Ndotoni hakuna aliyewahi kuniambia namuumiza.

Tukadeki wote watatu hadi adhana.

Ile elfu kumi Sikudhani hakuirudisha.
Anasema rambirambi ikishatoka imetoka,
ataitunza, huenda ikamfaa,
na nikimwota tena nije na mchele kabisa.
Sasa kila asubuhi akifagia upande wake
hupaza sauti juu ya ukuta, majirani wote wanasikia:
"Fundi! Nimekufa leo?"
Natazama mita kwanza.
Natazama mara ya pili.

"Bado, jirani."